Kuusoma Mwaka wa Dar es Salaam: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Misimu Ukiwa Mjini

Mwaka wa Dar es Salaam huendeshwa na upepo. Mvua inayofunga barabara pale Jangwani, maembe yanayojaa Buguruni, vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wanaotua kwenye matope ya Daraja la Salenda, bei ya samaki Feri, hata zile wiki za Julai ambazo watu hulala feni imezimwa, vyote vinafuata pepo mbili zinazopokezana: kaskazi na kusi. Mabaharia wa mwambao waliupanga mwaka wao hivyo kwa karne nyingi, maana jahazi lililotoka Uarabuni au Bara Hindi lilikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Sisi wa ghorofani na kwenye daladala tumeacha kuutazama upepo, ila wenyewe haujaacha kuvuma.

Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wanaotaka kujizoeza kutazama maumbile ya mjini huanzia kwenye ndege au maua, na baada ya mwezi wanabaki na orodha ya vitu visivyoshikana. Anza na upepo. Ukishaujua upepo, kila kingine utakachokiona utajua kinakaa wapi katika mwaka.

Vifaa ni vichache: daftari gumu, kalamu, simu yenye dira, rula, na chupa moja kubwa ya plastiki iliyonyooka ubavuni. Darubini ndogo ukiwa nayo itakufaa ufukweni, lakini usiisubiri.

Hatua ya kwanza: chagua kituo

Tafuta mahali pamoja unapopita au kukaa kila siku bila kujilazimisha. Kibaraza cha nyumbani, dirisha la ofisi, kituo cha daladala, paa la jengo. Kiwe na vitu vitatu: anga la kutosha kuona mawingu yanakotoka, angalau mti mmoja mkubwa, na kitu kisichohama, kama kona ya ukuta au mnara wa simu, cha kupimia jua. Uzuri wa mandhari si hoja. Kituo cha Manzese kinachotazamwa kila siku kinafundisha kuliko ufukwe wa Kunduchi unaotembelewa mara mbili kwa mwaka.

Panga pia saa. Mimi napendekeza saa kumi alasiri, na sababu yake utaiona hapa chini.

Hatua ya pili: ushike upepo

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi karibu na Machi. Ni upepo wa joto, na bahari yake huwa tulivu zaidi. Kusi hutoka kusini-mashariki na hushika kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, ukiwa na nguvu zaidi katikati ya mwaka. Kati ya hizo mbili kuna wakati wa mpito, upepo unapolegea na kubadilika badilika. Mabaharia waliuita maleleji. Mwisho wa kusi, tangu Agosti hivi, hewa ikiwa ya wastani na bahari ikianza kutulia, ndiyo demani.

Tatizo la mjini ni kwamba kuna upepo mwingine wa kila siku juu ya huo wa msimu. Alfajiri nchi kavu imepoa kuliko bahari, hivyo hewa husukumwa polepole kutoka bara. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka, na upepo hugeuka kuingia kutoka baharini. Ukipima saa moja asubuhi leo na saa nane mchana kesho utadhani msimu umebadilika. Ndiyo maana nasema saa kumi alasiri: kufikia hapo upepo wa bahari umekwishatulia mahali pake na dalili ya msimu inasomeka.

Namna ya kupima ni rahisi. Funga ukanda mwembamba wa kanga kuukuu kwenye nondo ya kibaraza, mbali kidogo na ukuta, kisha uangalie kwa dira unakotokea upepo, si unakoelekea. Ghorofa hupinda upepo, kwa hiyo linganisha na vitu vilivyo juu: bendera za vituo vya mafuta, moshi, vichwa vya minazi. Ukipita barabara ya ufukweni karibu na hospitali ya Ocean Road, tazama meli zilizotia nanga nje zikisubiri kuingia bandarini. Huzunguka kwenye minyororo yao na kuelekeza omo, yaani sehemu ya mbele, upepo unakotoka, ingawa mkondo wa maji nao huzivuta, hivyo usihukumu kwa meli moja.

Andika maneno mawili tu kila siku: mwelekeo na nguvu (hafifu, wastani, kali). Mwezi wa Machi na mwezi wa Novemba usikose hata siku. Hapo ndipo mwaka unapogeuka, na kuuona ukigeuka kwenye ukanda wa kanga ni furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Hatua ya tatu: fuata jua na kivuli

Hili ndilo linalowashangaza watu wengi, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba karibu na ikweta jua halibadiliki. Hubadilika sana. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 3 Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Tangu Machi hadi Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi inayobaki huwa upande wa kusini. Ukuta wako wa kaskazini unaochomwa na jua mwezi Juni hukaa kivulini mwezi Desemba, na mwenye nyumba asiyelijua hili hupanda mti wa kivuli upande usiofaa.

Simamisha fimbo ya mita moja wima kabisa kwenye sakafu iliyo sawa. Tumia uzi wenye jiwe kuhakikisha haikuinama. Tarehe 21 Juni, karibu saa 6:25 mchana, kivuli chake kitakuwa na urefu wa sentimita 58 hivi, kikielekea kusini. Tarehe 21 Desemba, karibu saa 6:20, kitakuwa sentimita 30 tu, kikielekea kaskazini. Na zile siku mbili za utosini kivuli hupotea kabisa chini ya fimbo: mwezi Machi karibu saa 6:35, mwezi Oktoba karibu saa 6:10. Waite watoto. Ndoo, chupa, nguzo ya umeme, vyote vinasimama bila kivuli cha pembeni.

Wanaoamka mapema wana kipimo kingine. Ukisimama Coco Beach mwezi Juni jua huchomoza kaskazini-mashariki. Mwezi Desemba huchomoza kusini-mashariki. Tofauti ya sehemu hizo mbili kwenye upeo wa macho ni nyuzi 47, zaidi kidogo ya nusu ya robo duara. Chora mstari wa majengo unayoyaona mashariki ya kituo chako na uweke alama jua linapochomozea mara moja kila wiki mbili. Urefu wa mchana nao hubadilika, ila kidogo: kati ya Juni na Desemba tofauti ni dakika 47 hivi.

Hatua ya nne: mti mmoja, mwaka mzima

Chagua mti mmoja na ukae nao. Usichague mitano. Miti ya mjini inayofaa kuanza nayo ni mkungu, mkrismasi, mwembe na mbuyu, kwa sababu mabadiliko yake yanaonekana hata na aliye ndani ya gari.

Mkungu ndio chaguo langu kwa asiye na uzoefu. Uko kila mahali: shuleni, misikitini, vijiweni pa bodaboda. Matawi yake hukaa ngazi kwa ngazi, na majani mapana hugeuka mekundu kabla ya kupukutika. Okota jani moja lililoanza kugeuka na uliweke kiganjani. Wekundu haushuki mara moja: huanza kama mabaka kati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki ya kijani au njano kwa siku kadhaa, na upande wa chini hukawia kuliko wa juu. Mti unavuta virutubisho vyake kabla ya kuliachia jani. Chini ya mti huo utakuta pia kokwa zilizoguguniwa nyama ya nje. Popo wala matunda hubeba kungu usiku na kwenda kuzila wakiwa wananing'inia mahali pengine, ndiyo sababu utakuta kokwa kwenye kibaraza cha nyumba isiyo na mkungu.

Mkrismasi asili yake ni Madagaska, na jina lake la Kitanzania linaeleza wakati wake: huwaka maua mekundu kuelekea mwisho wa mwaka. Kazi yako ni kuandika ua la kwanza, siku ambayo mti umejaa, na siku zulia jekundu linapobaki chini tu. Ukifanya hivyo kwa mti uleule mwaka wa pili, utaona kama vuli iliyowahi au kuchelewa imeugusa.

Mwembe hutoa maua katikati ya kipupwe na kuendelea, na maembe hukomaa kuanzia Novemba. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kukaa mtupu. Maua yake meupe hufunguka jioni, na popo huyatembelea usiku. Aliye karibu na mbuyu wenye maua ashuke saa moja usiku, asimame chini yake dakika kumi.

Kila Jumapili jibu maswali manne kuhusu mti wako: majani machanga yapo? majani yanaanguka? maua? matunda? Ndiyo au hapana, na neno moja la ziada. Piga picha ukisimama palepale, simu ikiwa wima vilevile.

Anayetaka kuona miti mingi pamoja aende Bustani ya Mimea pale katikati ya mji, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Mwenye nafasi aende Msitu wa Pugu, nje kidogo ya jiji, akalinganishe mti wa asili na wa barabarani.

Hatua ya tano: pima mvua, kisha utazame inachoamsha

Masika huanza Machi na kuisha Mei, Aprili ikiwa ndio kilele. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, na hiyo haiaminiki: mwaka mmoja inapita kimya, mwingine inaleta mafuriko kama yale ya Desemba 2011, au ya mwisho wa 2023 wakati wa El Niño. Katikati ya mwaka huanguka manyunyu ya mchoo, yasiyodumu.

Kipimo cha mvua utakitengeneza mwenyewe. Kata chupa pale inapoanza kujipinda kuelekea shingoni, geuza kipande cha juu ukiingize chini kama faneli, na ubandike rula ubavuni. Sehemu ya chini ya chupa haiko sawa, kwa hiyo weka mawe madogo, mimina maji hadi yafike mahali chupa iliponyooka, na hapo ndipo sifuri yako. Kiweke mbali na paa na mti, ukisome saa tatu asubuhi, kisha uyarudishe maji kwenye sifuri. Milimita moja ni sawa na lita moja kwa kila mita ya mraba. Linganisha na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Utagundua mvua ya Mbagala na ya Tegeta siku moja hazifanani.

Lakini namba peke yake haitoshi. Baada ya mvua kubwa za kwanza, tazama taa jioni. Kumbikumbi hutoka ardhini kwa pamoja, na asubuhi utakuta mabawa yamejaa kizingitini huku kunguru na mijusi wakishiba. Jongoo hujitokeza kwenye kuta, konokono hupanda mimea, vyura huanza kelele kwenye kila dimbwi. Andika ni siku ngapi baada ya mvua ya kwanza kila kimoja kilitokea.

Sikiliza pia ndege aitwaye dudumizi. Hata kwenye mitaa ya Mikocheni na Mbezi yenye ua wa vichaka bado wapo. Mlio wake hushuka ngazi kwa ngazi, kama maji yanayomiminika kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, na watu wa pwani husema anaita mvua. Usikubali wala usikatae. Andika kila unapomsikia, kisha ulinganishe na kipimo chako.

Tahadhari moja ya dhati: mvua ikiwa kubwa usishuke Bonde la Msimbazi wala kando ya mto wowote kwenda kutazama. Maji ya mjini hupanda kwa dakika.

Hatua ya sita: ndege wanaokuja na kuondoka

Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu yupo mwaka mzima, na hatakuambia lolote kuhusu msimu. Aliletwa ukanda huu kutoka Bara Hindi, na amewafukuza ndege wengi wadogo. Wa kuwafuatilia ni wahamiaji.

Mbayuwayu wa Ulaya hufika karibu na Oktoba na kuondoka karibu na Aprili. Usimchanganye na teleka, anayeishi hapa daima na kujenga chini ya madaraja na maghorofa. Njia ya haraka: anayetua kwenye waya wa umeme ni mbayuwayu, teleka hatui wayani kamwe.

Kisha ufuo wenyewe. Matope ya mlango wa Mto Msimbazi, kati ya mikoko na Daraja la Salenda, ni mahali pa ajabu kuwa katikati ya jiji kubwa namna hii. Kuanzia Agosti na Septemba hufika vitwitwi waliozaliana Siberia na kaskazini ya mbali. Wakifika wamechakaa na kufifia, rangi ya kijivu. Kaa nao hadi Machi na Aprili, uwaangalie kwa darubini: baadhi yao vifua huanza kupata rangi ya kutu, wengine tayari wamekuwa wekundu tumboni kote. Hilo ndilo vazi la kuzaliana, wanalivaa hapa kwetu kabla ya safari. Siku chache baadaye wengi hawapo. Wachache, hasa wachanga, hubaki hadi mwaka unaofuata.

Kuwaona kunahitaji kujua maji. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Siku za bamvua hapa Dar, maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Basi nenda maji yakianza kupwa au yakirudi, ndege wanapokuwa karibu. Nenda na mwenzako, simama barabarani palipo wazi, na usielekeze kamera upande wa Ikulu wala eneo la jeshi.

Hatua ya saba: soko ni kalenda

Kwa asiye na mti wala ufukwe, soko linatosha. Andika kila wiki bei ya kitu kilekile kwa muuzaji yuleyule. Machungwa ya Muheza hujaa katikati ya mwaka. Mahindi mabichi ya kuchoma hufuata masika. Mananasi ya Kiwangwa na maembe hutawala kuelekea mwaka mpya.

Feri ina somo lake. Kusi ikivuma kwa nguvu vyombo vidogo hushindwa kutoka, samaki hupungua. Na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda taa haivuti kitu, wavuvi hupumzika. Muulize mama anayekaanga samaki mtaani kwenu kwa nini wiki hii dagaa ni ghali, kisha utazame mwezi. Mara nyingi atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Hatua ya nane: Kilimia

Taa za mji zimemeza nyota nyingi, lakini Kilimia bado kinaonekana kutoka kwenye paa lenye giza kidogo: kifungu kidogo cha nyota zilizosongamana. Novemba huonekana mashariki jioni. Aprili kiko chini magharibi baada ya jua kuzama, kisha hupotea mwezi Mei, na Juni hurudi mashariki alfajiri. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Una kipimo cha mvua na una paa. Ijaribu kauli hiyo kwa daftari lako.

Kupanga daftari

Ukurasa mmoja kwa wiki, si kwa siku. Juu: upepo, mvua, kivuli. Katikati: mti. Chini: vya kwanza na vya mwisho, yaani mbayuwayu wa kwanza, embe la kwanza, usiku wa mwisho wa feni. Hivyo vya kwanza na vya mwisho ndivyo vyenye thamani kubwa. Andika pia usichokiona: "Oktoba 20, mbayuwayu bado". Acha ukurasa wa kushoto wazi, ili mwaka unaofuata uandike wiki ileile upande huo na kuzilinganisha bila kufungua daftari jingine.

Ukiwa nje ya Dar, badilisha tarehe. Mombasa jua hupita utosini karibu tarehe 10 Machi na 4 Oktoba, na pepo ni zilezile. Nairobi ni karibu tarehe 17 Machi na 26 Septemba. Huko hakuna bamvua, shika baridi ya Julai na maua ya mjakaranda baada yake.